Somo: Saa za kujitolea kabla binti hajavaa gauni jeupe (kwa wazazi tulioko Marekani)

Hamjambo wapendwa. Wiki hizi naona mama wengi wanaulizia habari za kotilioni, yaani ule usiku mabinti wa haiskuli wanavaa gauni jeupe na glavu ndefu, wanatajwa jina mmoja mmoja mbele za watu, wanapiga goti halafu wanacheza waltzi na baba zao. Barua imekuja nyumbani kutoka kwa wamama wa sororiti, yaani umoja wa wanawake waliosoma chuo, binti anaruka kwa furaha, mama anakimbilia kutafuta bei ya gauni. Nawaomba sana msianze na gauni. Kwenye hiyo barua kuna ukurasa unasema binti atimize saa kadhaa za kujitolea kwa jamii, na huo ukurasa ndo unaoangusha watoto. Wangu alimaliza mwaka juzi hapa Texas, alitakiwa saa 40, tukahangaika kweli, kwa hiyo naandika niliyojifunza ili nyie msihangaike.

Kidogo tu kuhusu shughuli yenyewe, manake ukijua inakotoka utaelewa kwa nini wanakomalia hizo saa. London mfalme George III alimfanyia mkewe Charlotte dansi ya siku ya kuzaliwa mwaka 1780, na mabinti wa matajiri wakawa wanapelekwa ikulu kutambulishwa mpaka malkia Elizabeth II alipoifuta desturi hiyo mwaka 1958. Wamarekani weusi wao walijitengenezea ya kwao, New Orleans kuna Original Illinois Club walianza mwaka 1895, wakati ambao binti mweusi hakua na mlango wa kuingilia kwenye dansi za wazungu. Baadaye zikaja sororiti za Alpha Kappa Alpha (1908) na Delta Sigma Theta (1913), zote zilizaliwa Howard University, chuo cha watu weusi, halafu The Links, chama kingine cha wanawake weusi, mwaka 1946 kule Philadelphia. Hawa wamama mwaka mzima wanahudumia watu, dansi ni usiku mmoja tu, na hela za tiketi na za matangazo ya kitabu cha kumbukumbu mara nyingi zinaenda kwenye skolashipu za watoto. Sasa mtu wa namna hiyo akikwambia saa 40 anamaanisha 40.

Hatua ya kwanza, kaa na binti mezani msome masharti yote mkiwa na kalamu. Pigeni mstari vitu vitatu: jumla ya saa, tarehe ya mwisho ya kurudisha fomu, na saa zipi hazihesabiwi. Kila chapta, yaani tawi la sororiti, ina masharti yake, usije ukafuata alichokwambia shoga yako wa Atlanta. Chapta yetu iligawa mafungu mawili, saa nyingine lazima ufanye na wao wenyewe Jumamosi walizopanga, zilizobaki unajitafutia. Mazoezi ya waltzi hayakuhesabiwa hata dakika moja.

Hatua ya pili ni kutafuta pa kujitolea, na hapa ndo wengi wanakosea. Mahali pawe ni shirika lisilo la faida, lile linalotambuliwa na watu wa kodi wa Marekani kwa namba 501(c)(3), au shule, maktaba ya umma, hospitali ya aina hiyo. Biashara ya mtu haikubaliki, na hata ukiacha masharti ya kotilioni, sheria ya kazi ya hapa Marekani hairuhusu mtu kujitolea bure kwenye biashara binafsi ya faida. Kwa hiyo saluni ya dada, mgahawa wa mjomba, deikea ya jirani, vyote weka pembeni. Hospitali ni pazuri ila anzeni mapema sana, nyingi zinataka mtoto awe na miaka 16, kipimo cha TB, kadi ya chanjo, mahojiano, wiki zinapita hajaanza hata saa moja. Benki ya chakula na nyumba za wazee huwa wepesi kupokea.

Sisi tulianzia benki ya chakula, kuchambua viazi vitamu na kupanga makopo, baadaye binti akahamia nyumba ya wazee kila Alhamisi jioni, kila akienda anakaa saa mbili. Na pale ndo moyo wangu ulipotulia. Kuna bibi mmoja vidole vimekakamaa kwa baridi yabisi, hawezi kushika vile vifuniko vya bingo, binti yangu akawa anakaa ubavuni kwake anamwekea kila namba ikitajwa. Wiki ya tatu tunafika tunakuta bibi ametandika sweta lake la zambarau kwenye kiti cha pembeni ili mtu mwingine asikae. Saa zilipotimia binti hakuacha, aliendelea kwenda mpaka anaondoka kwenda chuo.

Hatua ya tatu nairudia kila mahali: saini ichukuliwe siku hiyohiyo, kabla hamjatoka mlangoni. Fomu iwe na tarehe, saa ya kuingia na ya kutoka, kazi aliyofanya, jina na imeili na saini ya supavaiza. Kuna sehemu binti alifanya saa 14, supavaiza akasema nitawasainia zote mwisho wa mwezi, tukamwamini. Mwisho wa mwezi tumeenda ameshaacha kazi, aliyeingia anasema hana kumbukumbu ya mtoto huyo, zile saa 14 zikapotea na mtoto alilia kwenye gari njia nzima. Toka siku hiyo tukanunua daftari, fomu inasainiwa, inapigwa picha kwa simu palepale, jioni inaandikwa kwenye daftari. Na mzazi akisaidia kujaza asichanganye saa zetu, saa tatu asubuhi ni 9:00, kuna mama aliandika 3 mpaka 6 ikaonekana mtoto alikua kazini alfajiri.

Hatua ya nne, gawa saa kwa wiki. Saa mbili kila wiki ni miezi mitano tu umemaliza 40. Wanaosubiri Desemba wanakuta kila mwanafunzi wa mji mzima anatafuta nafasi wakati huohuo.

Haya, maswali yaliyokuja nimeyajibu hapa chini.

Baba wa Dallas: Dada shukrani kwa somo. Shangazi yake ana grupu homu, yaani nyumba ya kutunzia wagonjwa, binti anamsaidia wikendi kupika na kukaa na wagonjwa, bure kabisa. Hizo saa si ni za huduma?

Jibu: Kaka huduma ni kweli, ila ile ni biashara ya shangazi, haitahesabiwa, na pia ndugu wa familia haruhusiwi kusaini fomu kwenye chapta nyingi. Mpeleke nyumba ya wazee ya shirika au ya kanisa, uzoefu alioupata kwa shangazi utamsaidia sana kule.

Mama wa Columbus: Kwaya na kuwapanga watu viti kanisani vinahesabiwa? Na mimi mwenzangu ni Muislamu anauliza futari za msikitini.

Jibu: Kwaya na ibada mara nyingi hapana, manake mnajihudumia nyie waumini. Lakini kanisa likigawa chakula kwa yeyote anayekuja hapo ndiyo, na futari vilevile, kama msikiti unapika na kugawia majirani na wasio na makazi binti apate saini ya kiongozi wa shughuli. Ulizeni kwanza kwa imeili ili jibu liwepo kwa maandishi.

Mama wa Minnesota: Hizo saa naweza kuzikata kwenye kodi? Natoka kazini namwendesha kila wiki.

Jibu: Muda hauna thamani kwenye kodi dada, si wako wala wa mtoto. Ukijitolea wewe mwenyewe, maili ulizoendesha gari lako zinakatwa kwa senti 14 kila maili. Tiketi ya dansi nayo, kama anayeiuza ni shirika la 501(c)(3), ondoa thamani ya chakula na burudani mliyopata, kinachobaki ndo mchango. Muulize anayekufanyia kodi.

Bibi wa Houston: Wanangu, hii si ni unyago wa wazungu? Sisi mwali alikua anafundwa ndani halafu anatolewa.

Jibu: Shikamoo bibi. Inafanana kwenye kutolewa, watu wanaona binti amekua. Kufundwa kwao ndo hizi saa na madarasa ya adabu, na ya ndani kabisa tutamfunda sisi nyumbani, hakuna wa kutuzuia.

Binti wa gredi ya 11: Shikamoo aunty. Nafanya kazi wikendi, nimebaki na miezi miwili na nina saa 6 tu kati ya 30. Nyumbani tunaongea Kiswahili, inaweza kunisaidia?

Jibu: Marahaba mwanangu, inakusaidia sana. Tafuta shirika linalopokea wakimbizi mjini kwenu, kuna familia nyingi za Wakongo waliotoka Nyarugusu, ile kambi ya wakimbizi ya Tanzania, watoto wao wanahitaji mtu wa kuwasaidia homuweki baada ya shule na hapo Kiswahili chako ni dhahabu. Jumatatu na Jumatano saa moja na nusu kila siku inakupa saa 3 kwa wiki, wiki nane ni 24, umefika. Ila mtu akikuomba ukamtafsirie kwa daktari kataa kwa heshima, wewe ni mtoto, sheria inaitaka hospitali itumie mkalimani aliyefuzu, na kuna habari za ugonjwa ambazo hupaswi kuzibeba wewe. Kesho ukitoka shule piga simu, omba kuongea na mratibu wa wanaojitolea, mwambie umri wako na siku zako. Wakikwambia uje na fomu ya ruhusa ya mzazi, mama asaini usiku huohuo. Halafu rudi hapa uniambie wamesemaje.