Stopwochi mkononi mwa kocha: inavyohesabu, inavyobonyezwa, inavyodanganya

Stopwochi ya kawaida, ile ya plastiki yenye kamba ya shingoni na vitufe vitatu, haikosei kiasi cha kumdhuru mkimbiaji. Kinachokosea ni kidole na jicho. Ndani yake mna kipande cha fuwele ya kwatsi, kidogo kuliko punje ya mchele, kilichochongwa mfano wa uma wenye meno mawili. Kikipata umeme wa betri hutetemeka mara 32,768 kila sekunde. Ukiigawa hesabu hiyo kwa mbili mara 15 unabaki na 1, na kugawa kwa mbili ndiyo kazi nyepesi kuliko zote kwa saketi ndogo. Ndiyo sababu ya kuchagua namba hiyo. Fuwele ya namna hii hupotoka kwa takriban sehemu 20 katika milioni, yaani kama sekunde 1.7 kwa siku nzima. Katika marathoni ya saa 2 na dakika 10, kosa hilo halifiki hata sehemu mbili za kumi za sekunde.

Hata hivyo, ipime kabla ya kuiamini. Washa simu yenye saa inayojirekebisha kwa mtandao, anzisha stopwochi saa 3 usiku kamili, iache mezani, isimamishe saa 12 asubuhi kamili. Isome: inatakiwa kuonyesha 9:00:00. Ikipishana kwa sekunde moja au chini yake, ni nzima. Ikipishana kwa sekunde tatu au nne, itumie kuangalia mapumziko tu. Usiipime kwa milio ya redio ya intaneti wala ya king'amuzi, kwa sababu sauti hiyo hufika imechelewa.

Sasa kidole. Kitufe kina safari fupi kabla ya kugusa kigusio cha ndani, na safari hiyo hula muda. Kibonyeze polepole mpaka uhisi kimegota, kishikilie hapo, halafu mkimbiaji akifika malizia. Kidole ulichoanzishia ndicho utakachosimamishia, kila siku. Kuanzisha kwa gumba na kusimamisha kwa kidole cha shahada kunaleta kasi mbili tofauti za mkono katika kipimo kimoja.

Kwenye kuanzisha, tazama moshi wa bastola. Usisubiri mlio. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukiwa umesimama kwenye mstari wa kumalizia mbio za mita 100, mlio unakufikia baada ya karibu sekunde 0.3, wakati mkimbiaji ameshatoka. Mazoezini pasipo na bastola, mwanzishaji ainue vibao viwili vya mbao juu ya kichwa na kuvigonganisha. Wewe unabonyeza unapoviona vinakutana. Filimbi haifai kwa mbio fupi, kwani haina kitu cha kuona.

Kwenye kumaliza, simama sambamba na mstari wenyewe, angalau mita 5 nje ya njia ya mwisho, na ikiwezekana juu ya ngazi au benchi. Mfuate mkimbiaji kwa macho hadi mita kumi za mwisho, kisha hamishia macho kwenye mstari na umsubiri hapo. Kinachohesabika ni kiwiliwili kufika kwenye ukingo wa mstari ulio upande wake. Kichwa, mkono na mguu havihesabiki. Ukiendelea kumkodolea macho yeye badala ya mstari, utabonyeza mapema.

Hapa ndipo uongo mkubwa wa stopwochi ulipo, na makocha wengi wa shule hawaujui. Mwanzoni unachelewa kama sekunde 0.2, kwa sababu jicho likiona, mkono unahitaji muda kuitika. Mwishoni huchelewi kiasi hicho, maana unamwona mtu akija na mkono umeshajiandaa. Matokeo yake, muda wa mkono huwa mfupi kuliko ukweli. Ili kuulinganisha na muda unaopimwa na mitambo ya umeme, wanatakwimu wa riadha huongeza sekunde 0.24 kwa mita 100 na 200, na 0.14 kwa mita 400. Kabla ya hapo, kanuni za riadha hutaka muda wa mkono upandishwe hadi sehemu ya kumi inayofuata: kioo kikisema 11.32, andika 11.4. Makadirio ya mtambo ni 11.64. Kijana aliyeambiwa ana 11.32 akaenda mashindanoni akapata 11.6 hajashuka kiwango. Alidanganywa na daftari, na inaumiza kuona mtoto akikata tamaa kwa ajili hiyo.

Wapimaji wakiwa watatu, muda uliofanana kwa wawili ndio unaochukuliwa. Wote wakitofautiana, chukua wa katikati. Wakiwa wawili, chukua ule mrefu.

Kitufe cha kushoto ndicho kinachowachanganya watu. Ukikibonyeza saa ikiwa inakimbia, namba hugandishwa kwenye kioo huku hesabu ikiendelea ndani. Baadhi ya saa huonyesha muda wa mzunguko huo peke yake, nyingine muda wa jumla tangu mwanzo, na kuna zinazoonyesha vyote viwili. Jua yako ni ipi kabla ya kufika uwanjani. London, tarehe 9 Agosti 2012, David Rudisha alipita mita 400 kwa 49.28 akamaliza mita 800 kwa 1:40.91. Saa ya muda wa jumla ingekuonyesha 49.28 na 1:40.91, ya mzunguko, 49.28 na 51.63. Namba hiyo ya mwisho ndiyo inayomweleza kocha mkimbiaji alipungua kiasi gani, hivyo kama saa yako haiitoi, toa mwenyewe kwa kalamu.

Chukua kundi la wakimbiaji 6 wanaokimbia mita 400 mara 8. Usisimamishe saa hata mara moja. Waondoke pamoja kila baada ya dakika 3: 0:00, 3:00, 6:00, hadi 21:00. Kila anayefika, bonyeza kushoto. Msaidizi aandike majina kwa mfuatano wa kufika. Aliyeondoka 6:00 akafika 7:14.3 amekimbia kwa 74.3, hesabu ya kichwani tu. Angalia nafasi za kumbukumbu: hapo unahitaji 48, na saa ya nafasi 30 hujaa mwisho wa raundi ya tano. Wote wabane njia ya kwanza pia. Mzunguko wa njia ya pili ni karibu mita 407, na kwa mtu wa sekunde 70 hiyo ni zaidi ya sekunde nzima.

Kwa mita 30 za kasi kamili, ambapo mkimbiaji anaingia akiwa ameshachanganya mwendo, tatizo ni pembe ya kuona. Simama mkabala na katikati ya kipande hicho, mita 20 kutoka njia yake. Halafu chomeka fito mbili kwenye mstari ulio mita 10 mbele yako, sambamba na njia, moja mita 7.5 kushoto na nyingine mita 7.5 kulia. Kiwiliwili kikifunikwa na fito ya kwanza, amefika mwanzo wa kipande. Kikifunikwa na ya pili, amemaliza. Hata hivyo, kosa la sekunde 0.1 katika sekunde 3.5 ni kubwa. Video ya simu ya picha 240 kwa sekunde inasoma vizuri zaidi.

Kwa mbio ndefu, hofia kikomo cha saa. Casio F-91W, iliyo mikononi mwa watu wengi, hufika 59:59.99 kisha hurudi sifuri.

Kuhusu ubovu: kioo kikififia saa inapolia, betri imechoka, kwa sababu mlio hula umeme mwingi. Soma aina nyuma ya mfuniko, mara nyingi CR2032 au LR44, uiweke alama ya + ikiangalia juu kama ilivyokuwa. Kitufe kinachoanzisha na kusimamisha kwa mbonyezo mmoja kimechakaa, au chumvi ya jasho imeingia. Fungua, futa mpira wa kitufe na kigusio chake kwa pamba yenye spiriti kidogo, acha vikauke. Kioo kikiwa cheusi chote baada ya kuachwa ndani ya gari juani, kiweke kivulini, hurudi chenyewe. Likizo ndefu ikianza, toa betri, kwani LR44 ikivuja hula vigusio vya shaba.