Jinsi ya kumpa madini kondoo mwenye mimba kwa kufuata homoni zake

Wafugaji wengi tunakumbuka madini tumbo likishashuka, na kusema kweli hapo umechelewa, maana zalio (kondo la nyuma, linalomlisha mtoto tumboni) linajengwa katikati ya mimba na hilo ndo linaloamua mtoto apate kalsiamu na fosforasi kiasi gani. Kwa hiyo anza na tarehe: andika siku dume alipompanda, hesabu kama siku 147 mpaka kuzaa.

Mwezi wa kwanza muache atulie, usimsafirishe wala kumbadilishia chakula ghafla. Mimba hapo inashikiliwa na projesteroni, homoni ya kutunza mimba, ya kwenye ovari, na kwenye siku ya 13 hivi kijusi chenyewe kinatoa protini inaitwa intaferoni tau kuzuia mfuko wa uzazi usimwage prostaglandini, homoni inayoshusha projesteroni; intaferoni tau isipotoka ya kutosha basi projesteroni inashuka na jike anarudi kwenye joto karibu na siku ya 17.

Siku ya 30 mpaka 90 ndo kipindi ninachokiomba ukijali kuliko vyote. Zalio la kondoo siyo bapa moja, ni vifundo vyekundu, mara nyingi 70 mpaka 100, vimeng'ang'ania mfuko wa uzazi, na baada ya siku ya 50 au 60 lenyewe linatengeneza projesteroni ya kutosha kubeba mimba. Jike akikonda sana hapa zalio linaweza kuwa dhaifu na huwezi kulijenga upya baadaye. Mpapase mgongoni juu ya kiuno, usikie mifupa kwa kubonyeza kidogo, ikichoma vidole ongeza chakula. Chumvi ya kulamba iwe ya kondoo yenye iodini na seleniamu, ya ng'ombe USIMPE, ina shaba nyingi na kondoo anairundika kwenye ini mpaka inamuua. Ila shaba ikikosekana kabisa nako watoto wanazaliwa miguu ya nyuma imelegea, kwa hiyo usijikadirie mwenyewe.

Wiki 6 za mwisho mtoto anakomaza mifupa. Zalio linasukuma kalsiamu kwake hata kama damu yake inayo nyingi kuliko ya mama, likiamshwa na homoni jamaa ya ile ya paratairoidi (tezi za shingoni zinazosimamia kalsiamu), na mama anafidia kwa kuchota kwenye mifupa yake na kufyonza zaidi tumboni kwa msaada wa vitamini D, basi mtoe juani. Lenga kalsiamu iwe mara 1.5 mpaka 2 ya fosforasi. Pumba na nafaka zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, kwa hiyo ukimpa hizo changanya na chokaa ya mifugo au majani ya jamii ya mikunde.

Akianza kutembea amekakamaa, anatetemeka, halafu analala kifudifudi miguu ya nyuma ameinyoosha nyuma na tumbo linajaa gesi, kalsiamu imeshuka, na hii inaua ndani ya masaa. Ita dokta wa mifugo achome kalsiamu, mara nyingi jike anacheua gesi na kusimama ndani ya saa moja. Asiposimama, hasa kama ana mapacha na alikuwa ameshaacha kula siku kadhaa, mwambie dokta apime ketoni (kemikali zinazojaa kwenye damu mwili ukichoma mafuta yake kwa kukosa chakula), huenda ni sukari iliyoshuka na matibabu yake ni mengine.