Kupanga safari za boti na zamu za mafundi wa tabaini za baharini: anza na saa ya kuwarudisha

Ukipewa kazi hii, usikimbilie ramani. Njia fupi huokoa mafuta, lakini hasara kubwa iko kwenye tabaini (mtambo wa upepo wa kuzalisha umeme) iliyosimama na kwa fundi aliyefika akakosa muda wa kumaliza. Mimi hupanga kwanza saa ya kuwarudisha watu, kisha narudi nyuma hadi saa ya kuondoka gatini.

Hatua ya 1: Orodhesha kazi. Kwa kila tabaini andika saa zinazohitajika, mafundi wangapi na wa ujuzi gani, vipuri na uzito wake, na kama inazunguka au imekufa. Hilo la mwisho lina uzito. Tabaini ya megawati 8 ikisimama siku nzima ya upepo mkali hupoteza hadi megawati-saa 192. Iliyoharibika itangulie. Nzima inayosubiri huduma ya kawaida iwekee siku za upepo mdogo, maana hiyo utaizima wewe mwenyewe.

Hatua ya 2: Soma bahari. Boti ndogo, ambazo kwa kawaida hubeba mafundi 12, hukandamiza pua kwenye nguzo ya tabaini, fundi akavukia ngazini. Nyingi hukomea mawimbi ya karibu mita 1.5. Kumbuka kipimo hicho ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa zaidi. Wimbi mojamoja huweza kukaribia mara mbili yake. Shamba la tabaini likiwa mbali, kama Hornsea 2 ya Uingereza iliyo takriban kilomita 89 kutoka pwani, safari za kila siku zingekula karibu saa tano za zamu. Huko hutumika meli kubwa ambayo mafundi hulala humo na kuvuka kwa daraja linalojisawazisha.

Hatua ya 3: Panga nani ashuke lini. Hapa ndipo siku hupatikana au hupotea. Chukua makundi manne ya watu watatu. Utabiri unasema mawimbi yatapanda saa 10 jioni. Toa saa moja ya tahadhari: wa mwisho awe botini saa 9 alasiri. Boti inafika saa 1 asubuhi, na kila kituo, yaani tabaini moja, kinachukua dakika 20.

Ukiwachukua kwa mpangilio uleule wa kuwashusha, kila kundi linapata saa 7. Geuza: wa kwanza kushuka awe wa mwisho kuchukuliwa. Kundi la kwanza linakaa kuanzia saa 1:00 hadi 9:00, saa 8 kamili; la pili saa 7 na dakika 20; la tatu saa 6 na dakika 40; la nne saa 6. Basi kazi ya saa 7 na nusu ipe kundi la kwanza, hata kama tabaini yake si ya karibu. Niliwahi kuwashusha mwisho wenye kazi ndefu kwa sababu ya njia fupi. Walirudi na boliti nusu hazijakazwa, na tabaini ikalala imezimwa.

Hatua ya 4: Weka akiba. Andaa kazi mbili fupi za kubadilishia kituo kisipofikika. Boti isiondoke shambani watu wakiwa juu, na nahodha akisema hapana, usibishane naye.

Jioni, andika saa halisi za kila kituo kando ya zile ulizopanga. Dakika 20 zikionekana kuwa 28 kwa wiki nzima, badilisha hesabu ya kesho.