Kuanza kinubi ukiwa Kisumu, na kufundisha na kutunga pia

Kama unapiga nyatiti, ile ala ya nyuzi 8 ya Waluo, na unatamani kinubi, usingoje kile kikubwa cha nyuzi 47 na pedali 7 za kukanyaga, hicho hata kukisafirisha tu ni kazi. Tafuta cha leva, yaani vijiti vidogo juu ya nyuzi vya kupandisha noti nusu hatua, nyuzi 34 hivi zinatosha kabisa. Chagua nyuzi za nailoni manake na huu unyevu wa ziwa zile za utumbo wa mnyama zinakatika sana.

Kutuni: shusha leva zote, weka ki (ngazi ya noti) ya E flati meja kwa kutumia programu ya simu. Nyuzi nyekundu ni C, nyeusi ni F, hizo ndo zitakuongoza usipotee.

Sasa mkono, na hapa tafadhali usiharakishe. Kinubi kinaegemea bega la kulia. Kidole cha mwisho hakitumiki, ni kifupi mno. Weka vile vingine kwa nyuzi kabla hujavuta chochote, dole gumba likae juu, alafu ukishavuta kila kidole kijikunje mpaka kiguse kiganja. Wengi wanaacha kidole hewani na sauti inatoka nyembamba, mi naona bora wiki nzima upige noti nne tu zikiwa safi.

Ukishaweza kidogo anza kufundisha na kutunga, vyote pamoja. Henriette Renié, mpiga kinubi wa Ufaransa (1875–1956), aliishi hivo hivo, alipiga, akatunga, akafundisha, na methodi yake ya 1946, yaani kitabu cha kujifunzia kinubi, bado inatumika. Alipokuwa mtoto miguu haikufika kwa pedali, babake akamtengenezea za kuongezea, na akiwa na miaka 11 alishinda tuzo ya kwanza ya kinubi kwenye chuo cha muziki cha Paris. Kwa hivo mtoto akikwama usimlaumu, mwandikie baa nne (vipande vifupi vya mapigo) za hapo hapo alipokwama, na hio ndo shule yako ya utunzi.

Kwa kutunga, chukua mzunguko mfupi wa nyatiti, uweke kwa mkono wa kushoto, wa kulia uimbe juu yake. Sauti hazitalingana sawasawa na zile nyuzi 8 za nyatiti, acha sikio liamue. Usijaze besi, nyuzi ndefu zinaendelea kulia mpaka uzizime na kiganja. Na kama kuna leva ya kubadilisha katikati, upe mkono wa kushoto nafasi ya kuigeuza, ukiinua leva juu ndio unapandisha noti.

Kinubi kikiwa kimoja na watoto wawili, mmoja apige, mwenzake aimbe noti akihesabu mapigo, alafu wabadilishane.