Kuingia kunapogoma kwenye Tomcat: kutafuta kosa kati ya fomu, Realm na hifadhidata

Ukurasa unaosema "jina au neno la siri si sahihi" umepoteza saa nyingi za mafundi wa Tomcat, seva ya programu za Java. Hifadhidata ikiwa imezimwa, draiva ikikosekana, jina la jedwali likikosewa, au mtumiaji mwenyewe akikosea herufi moja, jibu analoliona ni lile lile. Realm ni sehemu ya Tomcat inayothibitisha watumiaji, na DataSourceRealm ni ile inayowasoma kwenye hifadhidata. Ikipata hitilafu huiandika kwenye logi, kisha hurudi mikono mitupu, na fomu inampeleka mtu kwenye ukurasa wa makosa. Kwa hiyo usianze kubadilisha maneno ya siri ya watu kabla hujajua mnyororo umekatikia wapi.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate: programu inayoitwa chama, hifadhidata ya PostgreSQL, Tomcat 9 au 10.1. Usanidi unaofanya kazi, ndani ya META-INF/context.xml, ni huu (jaza password ya akaunti yako):

```
<Context>
  <Resource name="jdbc/chama" auth="Container"
    type="javax.sql.DataSource"
    driverClassName="org.postgresql.Driver"
    url="jdbc:postgresql://127.0.0.1:5432/chama"
    username="tomcat_ingia" password=""
    maxTotal="20" maxWaitMillis="10000"/>
  <Realm className="org.apache.catalina.realm.LockOutRealm">
    <Realm className="org.apache.catalina.realm.DataSourceRealm"
      dataSourceName="jdbc/chama" localDataSource="true"
      userTable="wanachama" userNameCol="jina" userCredCol="siri"
      userRoleTable="majukumu" roleNameCol="jukumu">
      <CredentialHandler
        className="org.apache.catalina.realm.SecretKeyCredentialHandler"
        algorithm="PBKDF2WithHmacSHA512"
        iterations="100000" keyLength="256" saltLength="16"/>
    </Realm>
  </Realm>
</Context>
```

Namba ya jibu kwanza

Fungua zana za kivinjari kwa F12, jaribu kuingia, uangalie seva imejibu namba gani.

403 ni habari njema kuliko inavyoonekana. Maana yake neno la siri limekubaliwa, hifadhidata imefikiwa, na kilichobaki ni jukumu (role) tu. Usiguse Resource (muunganisho wa hifadhidata) wala CredentialHandler (inayolinganisha maneno ya siri). 404 kwenye j_security_check, anwani ambayo Tomcat hupokelea fomu ya kuingia, mara nyingi hutokana na mkwaju mmoja: fomu imeandikwa action="/j_security_check", hivyo ombi linakwenda kwenye mzizi wa seva badala ya /chama. Andika action="j_security_check" bila mkwaju, method iwe POST, na visanduku viitwe j_username na j_password hivyo hivyo. 408 humpata aliyeacha ukurasa wa kuingia wazi mpaka kikao kikaisha muda, na 400 humpata aliyehifadhi anwani ya ukurasa wa kuingia na kuufungua moja kwa moja. Huyo aelekezwe kwenye ukurasa unaolindwa. Tomcat yenyewe itamletea fomu.

Ukirudishwa kwenye ukurasa wa makosa, au ukipata 401 kwa njia ya BASIC (kivinjari chenyewe ndicho kinachouliza jina na neno la siri), ndipo kazi inapoanza.

Logi iliyo sahihi

Wengi husoma catalina.out peke yake. Realm huandika kupitia logi ya kontena iliyomo, na Realm iliyo ndani ya Context ujumbe wake huenda kwenye localhost.TAREHE.log katika folda ya logs. Tafuta humo maneno "Exception performing authentication" au "Exception retrieving", kisha shuka mpaka "Caused by" ya mwisho kabisa. Sababu yenyewe ndiyo hiyo.

Usipoona kitu, ongeza sauti kwenye conf/logging.properties:

```
org.apache.catalina.core.ContainerBase.[Catalina].[localhost].level = ALL
2localhost.org.apache.juli.AsyncFileHandler.level = ALL
```

Mistari yote miwili inahitajika. Wa kwanza unaruhusu ujumbe utoke, wa pili unaruhusu faili iupokee. Ukibadilisha mmoja tu, hutaona tofauti. Washa upya Tomcat, jaribu tena, na sasa kila jaribio litaacha mstari unaosema mtumiaji amethibitishwa au hakuthibitishwa. Kama hakuna mstari wowote, shuku kwamba Realm unayoihariri siyo inayotumika. Chungulia conf/Catalina/localhost/chama.xml: faili hilo likiwepo, Tomcat hulifuata hilo na kuliacha lile la META-INF.

Ujumbe na maana yake

"Name [jdbc/chama] is not bound in this Context": jina halikupatikana pale lilipotafutwa. Sababu kuu ni localDataSource. Thamani yake ya kawaida ni false, na hapo Realm hutafuta ndani ya GlobalNamingResources ya server.xml. Resource ikiwa ndani ya Context ya programu, lazima uandike true. Wala usiandike java:comp/env mbele ya jina, Realm haihitaji.

"Cannot create JDBC driver of class '' for connect URL 'null'": resource-ref (tamko la programu kuomba muunganisho) ipo kwenye web.xml lakini Resource yenyewe haikusomwa, au majina hayafanani. Linganisha herufi kwa herufi.

ClassNotFoundException ya draiva: JAR (faili la draiva) haipo, au imewekwa WEB-INF/lib. Miunganisho inaundwa na Tomcat yenyewe, nayo huenda isione ndani ya programu yako. JAR iwe kwenye folda ya lib ya Tomcat, nakala moja tu, kisha uwashe upya. Ikiwa darasa linalokosekana ni org.apache.catalina.realm.JDBCRealm, hilo limeondolewa kuanzia Tomcat 10. Hamia DataSourceRealm, ambayo ni bora kwa vyovyote, kwa kuwa JDBCRealm ilitumia muunganisho mmoja na kuwapanga watu wote foleni.

"must end with the ';' delimiter": kuna alama & tupu ndani ya url. Kwenye XML iandikwe &amp; kila mahali.

Kwa MySQL 8, "Public Key Retrieval is not allowed" hutokea akaunti inapotumia caching_sha2_password bila TLS. Washa TLS. allowPublicKeyRetrieval=true iache kwa mashine ya majaribio.

Fanya kazi ya Realm kwa mkono

Realm huuliza maswali mawili mepesi. Yaulize mwenyewe, kwa akaunti ile ile iliyo kwenye Resource, si kwa akaunti ya msimamizi:

```
psql -h 127.0.0.1 -U tomcat_ingia -d chama
SELECT siri, length(siri) FROM wanachama WHERE jina = 'asha';
SELECT jukumu FROM majukumu WHERE jina = 'asha';
```

"permission denied for table" inatibiwa kwa GRANT SELECT ON wanachama, majukumu TO tomcat_ingia. Akaunti hii haihitaji ruhusa zaidi ya hiyo. "relation does not exist" huku jedwali unaliona kwa macho maana yake liko kwenye schema nyingine, au liliundwa kwa herufi kubwa ndani ya alama za nukuu. Usiite jedwali user kwenye PostgreSQL wala groups kwenye MySQL 8, ni maneno yaliyohodhiwa. Na safu ya jina la mtumiaji lazima iitwe sawa kwenye majedwali yote mawili, kwani Realm ina userNameCol moja tu.

Sasa tazama urefu. Hapa ndipo penye kosa ninaloliona la kusikitisha zaidi, kwa sababu linaharibu data kimyakimya. Kwa usanidi wetu, Tomcat hutarajia chumvi (data ya nasibu inayochanganywa na neno la siri), idadi ya mizunguko na hashi (neno la siri lililofumbwa), vikitenganishwa kwa alama ya dola: tarakimu 32, kisha 100000, kisha tarakimu 64. Pamoja na alama mbili za dola, jumla ni herufi 104. Mfano wa jedwali uliosambaa sana una safu ya varchar(15). PostgreSQL itakataa kuingiza, na utajua papo hapo. MySQL iliyozimiwa ukaguzi mkali itakata mkia na kuendelea kama kawaida. Neno la siri hilo halitakubalika tena milele, hata likiandikwa sawasawa. Weka varchar(255), kisha uwape watu waliokatiwa maneno mapya.

Tengeneza thamani ya majaribio kwa zana ya Tomcat yenyewe:

```
bin/digest.sh -h org.apache.catalina.realm.SecretKeyCredentialHandler \
  -a PBKDF2WithHmacSHA512 -i 100000 -s 16 -k 256 Jaribio2
```

Kinachotoka ni neno la siri, nukta mbili, kisha hashi. Hifadhi kile kilicho baada ya nukta mbili tu. Mtumiaji huyo wa majaribio akiingia na wengine wakikwama, basi data ya zamani ilihifadhiwa kwa mtindo mwingine. Ikianza na $2a$ au $2y$ ni bcrypt, pengine imetoka kwenye mfumo wa PHP, na Tomcat haina CredentialHandler ya bcrypt. Utaandika yako au utawaomba watu waweke upya.

CredentialHandler iwe ndani ya Realm ya ndani. Ukiiweka moja kwa moja chini ya LockOutRealm haitumiki, na hashi italinganishwa na neno la siri lisilofumbwa.

Na hiyo LockOutRealm inaweza kukuchezea wakati wa uchunguzi. Makosa 5 yanamfungia mtumiaji kwa sekunde 300, na kila jaribio lililokosewa ndani ya muda huo huanzisha hesabu upya. Unarekebisha tatizo, unajaribu, inakataa bado, unaharibu ulichorekebisha. Tumia jina jipya kila raundi, au washa upya Tomcat.

Jukumu, CSS na kuganda

Kwa 403, thamani ya safu ya jukumu ifanane na role-name ya web.xml, herufi kubwa kwa ndogo.

Mtu akiingia vizuri lakini akatua kwenye faili ya style.css, umelinda /* pamoja na mapambo ya ukurasa wa kuingia. Kivinjari kiliomba CSS, Tomcat ikalikumbuka ombi hilo kuwa la mwisho. Toa folda ya CSS na picha nje ya ulinzi.

Kuingia kukiganda bila jibu, miunganisho imekwisha. Bila kuandika maxTotal unapata 8, na bila maxWaitMillis mtu husubiri bila kikomo. Weka removeAbandonedOnBorrow="true", removeAbandonedTimeout="60" na logAbandoned="true"; logi itakuonyesha mstari wa msimbo ulioazima muunganisho bila kuurudisha.

Ukimaliza, rudisha viwango vya logi vilivyokuwa. Watu huandika neno la siri kwenye kisanduku cha jina kwa haraka, na kwa kiwango cha ALL neno hilo linabaki wazi kwenye faili. Futa logi za kipindi cha uchunguzi, pamoja na nakala ulizomtumia mwenzako.