Jinsi ya kulikinga kongosho unapofanyiwa ERCP

Mimi ni muuguzi wa chumba cha endoskopi. Ndiye ninayekuwekea kanula, kile kijineli cha mshipani, ninayekuuliza jina lako tena na tena hata kama umekwisha kunijibu, na ninayekugeuza ulale kifudifudi kabla ya kamera kuingia. Wagonjwa wanaokuja kwa ERCP, yaani uchunguzi na tiba ya mirija ya nyongo na ya kongosho kwa kamera, huniuliza kuhusu usingizi, kuhusu koo, na kuhusu saa watakayoruhusiwa kurudi nyumbani. Kongosho halitajwi. Lakini sisi wa chumba kile, tukiagana na mgonjwa mlangoni, kongosho ndilo tunalolihofia.

Katika ERCP, kamera ndefu hupita mdomoni, ikavuka tumbo na kufika mwanzo wa utumbo mwembamba, penye kijichuchu kiitwacho papila. Mrija wa nyongo na mrija wa kongosho, wote hutokea hapo. Ni kama wapangaji wawili wenye mlango mmoja: daktari anamtafuta huyu wa nyongo, lakini hodi inawafikia wote. Waya ukiingia mara kwa mara upande wa kongosho, au dawa ya eksrei (ile inayofanya mirija ionekane kwenye picha) ikisukumwa humo, au papila ikivimba kwa kuguswaguswa mpaka maji ya kongosho yakakosa pa kutokea, vimeng'enya vinavyopaswa kufanya kazi utumboni huanza kulishambulia kongosho lenyewe, nalo likavimba. Kwa wastani, katika kila watu 100 wanaofanyiwa ERCP, kama 3 hadi 10 hupatwa na hali hii, na kwa wenye hatari kubwa idadi hufika 15 au kuzidi. Wengi hulazwa siku chache wakapona. Wachache huugua vibaya, na wapo wanaokufa. Ndiyo maana naiandika kazi hii hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ndiyo inayorukwa zaidi: uliza kama ERCP yenyewe inahitajika. Ilipoanza mwaka 1968 ilikuwa njia ya kuona tu. Mwaka 1974 madaktari wa Japani na wa Ujerumani wakaanza kukata papila kwa kupitia kamera hiyohiyo, na mawe ya mrija wa nyongo yakawa yanatolewa bila kupasua tumbo. Leo kuona kuna njia nyingine. MRI ya mirija ya nyongo, au altrasaundi inayofanywa kwa kamera, humwonyesha daktari jiwe bila waya kuingizwa kwenye papila. Kwa hiyo muulize: "Daktari, ukifika kule unakwenda kufanya nini?" Jibu ninalolipenda ni la kazi: kutoa jiwe, kuweka stenti (kijimrija cha kuacha njia wazi), kufungua palipobana. Ukijibiwa "tunaangalia tu", omba uelezwe kwa nini MRI haitoshi.

Na jambo hili linawashangaza wengi: asiye na ugonjwa unaoonekana wazi ndiye mwenye hatari kubwa zaidi. Mwanamke kijana anayeumwa tumbo, bilirubini yake (ile rangi ya manjano ya damuni) ya kawaida, mrija wake haujapanuka, jiwe halionekani, huyo ana hatari kuliko mzee aliyegeuka manjano kwa jiwe lililoziba. Hata hivyo, anayetetemeka kwa homa huku macho yakiwa manjano asicheleweshwe kwa maswali yangu. Huyo huenda ana maambukizi kwenye mirija ya nyongo, na kungoja ni hatari kuliko ERCP.

Hatua ya pili ni kusema historia yako yote. Je, kongosho lako limewahi kuvimba? Liliwahi kuvimba baada ya ERCP iliyopita? Hayo mawili yanapandisha hatari sana, na yanabadilisha maandalizi yetu. Kisha taja kama aspirini, ibuprofeni au diklofenaki ilishakuletea mzio au kukubana kifua. Kama figo au moyo wako una shida. Kama una kidonda cha tumbo. Kama una mimba. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Usingoje kuulizwa. Fomu huwa na nafasi ndogo.

Sasa dawa ya kupachika, na hapa nitakaa kidogo. Ni indomethasini au diklofenaki, miligramu 100, inayowekwa njia ya haja kubwa. Dawa za zamani, za bei ndogo, ambazo hakuna anayezitangaza. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 uliwafuata wagonjwa 602, wote wakiwa wa hatari kubwa. Waliowekewa indomethasini, asilimia 9.2 walivimba kongosho. Waliowekewa ya kiini macho, yaani isiyo na dawa ndani, asilimia 16.9. Chama cha endoskopi cha Ulaya kinashauri kila mgonjwa asiye na kizuizi awekewe muda mfupi kabla ya kamera kuingia. Si wale wa hatari kubwa tu, maana waya ukianza kupotea njia mle ndani, muda wa kujiandaa umeshapita.

Aibu ndiyo inayoharibu. Mzee mmoja aliniuliza, "Binti yangu, mnaingilia juu, mbona dawa mnaweka chini?" Nikamweleza kwamba pale chini dawa huingia kwenye damu haraka, na kwamba vidonge vya kumeza vya aina hiyohiyo vilipojaribiwa havikuonyesha kinga hiyo. Akacheka, akageuka ubavu, tukamaliza. Ikiwa unaona haya, omba muuguzi wa jinsia yako. Ukishawekewa, jizuie usiende chooni, na ikikutoka niambie, sitakucheka. Kwa mwenye mzio wa dawa hizo, figo zilizoshindwa au kidonda cha tumbo kinachovuja damu, haifai, na kwa mjamzito aliyefika wiki 30 au kuzidi hairuhusiwi.

Kwa hiyo ukifika mapokezi, uliza hivi: "Sista, dawa yangu ya kupachika naipata saa ngapi?" Sema tu, hata kama tunaonekana tuna shughuli. Mgonjwa akishauliza, dawa hiyo haisahauliki tena.

Kinachofuata kiko mikononi mwa daktari, lakini wewe unayo haki ya kuuliza kabla ya kusaini. Anaifanya kazi hii mara nyingi? Anatanguliza waya laini badala ya kusukuma dawa ya eksrei ili kuitafuta njia? Kutanguliza waya kunapunguza hatari. Kwetu kuna kipimo cha ugumu: papila ikiguswa zaidi ya mara 5, au dakika 5 zikipita, au waya ukiingia kongosho bila kukusudiwa zaidi ya mara 1, hiyo ni kazi ngumu na mbinu ibadilishwe. Mimi huitazama saa ya ukutani na kusema kwa sauti. Kwa wa hatari kubwa, au waya ukishaingia kongosho mara kwa mara, daktari huacha stenti nyembamba ya plastiki ndani ya mrija wa kongosho ili maji yake yaendelee kutoka. Utafiti wa mwaka 2024 wenye wagonjwa 1,950 wa hatari kubwa ulilinganisha: dawa ya kupachika peke yake, asilimia 14.9 walivimba, dawa pamoja na stenti, 11.3. Stenti haijapitwa na wakati.

Dripu ndiyo inayopendwa na ndugu wa mgonjwa. Inaonekana, inaning'inia, inatia moyo. Maji yanayotumika ni ya Ringer lakteti, na kwa utaratibu wa kumwagia kwa wingi ni mililita 3 kwa kila kilo ya uzito kwa saa wakati wa ERCP, mililita 20 kwa kilo mara baada ya kumaliza, kisha 3 kwa kilo kwa saa, kwa saa 8. Mtu wa kilo 60, ile ya katikati peke yake ni mililita 1,200. Yanamfaa hasa yule asiyeweza kupata dawa ya kupachika. Kwa aliyekwisha kuipata, utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2021 haukuona nyongeza ya faida. Na kwa mwenye moyo au figo dhaifu maji mengi hivyo yanaweza kujaa kwenye mapafu. Tafadhali usimwombe muuguzi aifungulie dripu ikimbie.

Baada ya kuzinduka, jifunze kutofautisha maumivu. Ya hewa huhamahama, na ukijamba yanapungua. Ya kongosho hukaa juu katikati ya tumbo, yakapenya hadi mgongoni, hayapoi ukijigeuza, yanazidi kadiri saa zinavyokwenda, na mara nyingi huja na kutapika. Huanza kwa kawaida ndani ya saa 24. Ukiyasikia ungali wodini, tunaweza kukupima amilesi, kimeng'enya cha kongosho kinachopimwa kwenye damu, saa 2 hadi 6 baada ya kazi. Ikiwa chini ya mara 1.5 ya kiwango cha juu cha kawaida, unaweza kwenda nyumbani bila wasiwasi mkubwa. Ikipita mara 3 na tumbo linauma, unabaki. Amilesi kupanda bila maumivu si ugonjwa, usishtuke ukiona karatasi.

Ukiyasikia umeshafika nyumbani, usimeze dawa ya maumivu ukangoja asubuhi. Rudi usiku huohuo, na neno la kwanza kwa atakayekupokea liwe "Nimefanyiwa ERCP". Rudi pia ukipata homa, choo cheusi, au tumbo likikaza. Hayo ni madhara mengine, lakini hayangoji. Usiku wa kwanza alale nawe mtu anayeweza kukupeleka.

Mwisho, stenti. Kabla hujaondoka uliza umewekewa ipi, kwa kuwa zipo mbili tofauti. Ya nyongo, ikiwa ni ya plastiki, kwa kawaida hutolewa au hubadilishwa baada ya miezi mitatu hivi. Ya kongosho hukusudiwa ianguke yenyewe, na eksrei ya tumbo hupigwa kati ya siku ya 5 na ya 10 kuhakikisha imeanguka; ikiwa bado ipo, hutolewa kwa kamera, kwa sababu ikikaa muda mrefu yenyewe hulidhuru kongosho. Taka tarehe ya eksrei hiyo iandikwe kwenye karatasi yako ya ruhusa, na neno "kongosho" au "nyongo" liandikwe kando yake.