Namna ya Kuwafundisha Wanafunzi wa Tanga Mapinduzi ya Utamaduni ya China

Anza na jina lenyewe, kwa kuwa ndilo linalowapoteza wengi. Kijana wa Ngamiani akisikia neno utamaduni hukumbuka ngoma na mavazi, na akisikia mapinduzi humjia Zanzibar ya 1964, ambako serikali iliangushwa. Mweleze kwamba Mao Zedong alikuwa tayari mwenyekiti wa chama kilichotawala tangu 1949, na kwamba mwaka 1966 aliwachochea vijana wawashambulie viongozi wa chama hicho hicho, pamoja na walimu wao.

Usiruke miaka iliyotangulia. Kampeni ya uzalishaji iliyoanza 1958 ilizaa njaa iliyoua mamilioni ya watu, hadhi ya Mao ikapungua, na uendeshaji wa uchumi ukawaangukia zaidi viongozi wenzake akina Liu Shaoqi na Deng Xiaoping. Pasipo jambo hili, ghadhabu ya 1966 huonekana kama wazimu uliozuka tu.

Muda mrefu zaidi utumie kwenye shule. Waulize wanafunzi wangefanya nini iwapo masomo yangesimamishwa na wakaambiwa kwamba mwalimu wao wa hisabati ni adui, kisha wape nafasi ya kufikiri kabla hujaendelea. Simulia jinsi Walinzi Wekundu, yaani makundi ya vijana waliomfuata Mao, ambao aliwapokea kwenye uwanja wa Tiananmen jijini Beijing tarehe 18 Agosti 1966, walivyowavisha walimu kofia ndefu za karatasi, wakawatundika mabango shingoni na kuwapiga hadharani, wengine hadi kufa. Kuanzia 1968 vijana hao nao walipelekwa vijijini kulima, na mtihani wa kitaifa wa kuingia chuo kikuu ulirejeshwa 1977 tu. Aliye kidato cha nne hahitaji kufafanuliwa uzito wa hilo.

Ukimwalika mzee, huenda akataka kuzungumzia reli ya TAZARA, na ana haki, maana Wachina walishiriki kuijenga kati ya 1970 na 1975, wakati msukosuko ukiendelea kwao. Msikilize, kisha umrejeshe kwenye mada kwa adabu.

Kifo cha Mao, Septemba 1976, na kukamatwa kwa mkewe Jiang Qing na wenzake watatu mwezi uliofuata, kitaje kwa ufupi. Kazi ya nyumbani itoke kwenye tamko la chama la 1981, lililompa Mao lawama kuu ya msukosuko huo lakini likaweka mchango wake mbele ya makosa yake: kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja akieleza kwa nini chama kilihitaji kusema yote mawili.